Kabla ya Majambia: Usuli wa Tamthilia ya Julius Caesar



Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Jamhuri ya Tanganyika ilikuwa bado changa kabisa, naye ndiye aliyekuwa rais wake. Mwaka 1969 likatoka toleo alilolipitia upya, lenye jina la Juliasi Kaizari. Wengi wetu tuliingia Roma kwa mlango huo. Nikitafakari, naona ni jambo kubwa kwamba mkuu wa nchi, akiwa na mzigo wote wa dola mabegani, alitenga saa zake za usiku kwa kisa cha kiongozi anayeuawa na rafiki zake ndani ya baraza. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayeliogopa swali lililomo.

Swali lenyewe ni lipi? Shuleni tulizoea kuulizwa kama Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, alikuwa msaliti au shujaa, nasi tukajaza kurasa. Nimekuja kuamini kwamba tukianzia hapo tunachelewa. Tamthilia hii inatokea katika nchi iliyokuwa imepoteza njia halali ya madaraka kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Palipokosekana njia hiyo, mtu mwema na mtu mwenye kijicho hujikuta wameshika jambia la namna moja, wamesimama mahali pamoja, wanamngoja mtu yuleyule. Leo nataka tuitazame nchi hiyo kabla ya majambia kuchomolewa, kisha tuitazame London ya mwaka 1599, ambako kisa hiki kiliandikwa miongoni mwa watu waliokuwa na hofu ya aina hiyohiyo.

Warumi walisimulia kwamba mwaka 509 KK walimfukuza mfalme wao wa mwisho, na kwamba aliyewaongoza alikuwa Lucius Junius Brutus, ambaye Brutus wa tamthilia alijihesabu kuwa wa ukoo wake. Tangu hapo kumwambia Mrumi kwamba anautaka ufalme kukawa ni kumshtaki. Badala ya mfalme mmoja wakaweka makonsuli wawili, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake, na wote wawili muda wao ukiisha baada ya mwaka. Hatari ikizidi, walimteua dikteta. Kwao kilikuwa cheo halali, chenye kikomo cha miezi sita. Juu ya hayo palikuwa na Seneti ya wakubwa wenye uzoefu, na watetezi wa umma waliochaguliwa ili mtu wa kawaida asionewe.

Utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya mji. Mwishoni mwa karne ya pili KK mji ule ulikuwa unatawala kuanzia Hispania hadi Asia Ndogo. Mali na watumwa walimiminika, mashamba makubwa yakameza madogo, na askari waliorudi vitani wakakuta hawana ardhi. Mwaka 133 KK mtetezi wa umma Tiberius Gracchus alitaka ardhi ya dola igawiwe kwa wasio nayo. Baadhi ya maseneta na wafuasi wao wakamuua hadharani kwa magongo na vipande vya viti, yeye na watu zaidi ya mia tatu, na maiti zikatupwa mtoni Tiber. Itieni mwaka huo alama katika madaftari yenu. Damu ilimwagika katika siasa za Roma miaka 89 kabla ya kifo cha Caesar, na walioimwaga ndio waliojiita walinzi wa jamhuri.

Halafu akaja Sulla. Mwaka 88 KK aliingiza jeshi ndani ya mji wake mwenyewe, na alipoingia tena mwaka 82 alijifanya dikteta asiye na kikomo, akabandika orodha za majina ya watu ambao yeyote aliruhusiwa kuwaua na kulipwa. Caesar alikuwa kijana wakati huo. Sulla alimwamuru amwache mkewe Cornelia, naye akakataa, akaishi mafichoni hadi alipoombewa msamaha. Kwa hiyo Januari mwaka 49 KK, alipouvuka mto Rubicon na jeshi lake, Caesar hakuvunja mlango. Aliupita mlango uliokwisha kuvunjwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata nitavipitia haraka. Mpinzani wake, Pompeius, alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Julia. Julia alikuwa amefariki mwaka 54 KK, na mshirika wao wa tatu, Crassus, aliuawa vitani mwaka uliofuata, kwa hiyo kamba zote mbili zilizowaunganisha zilikatika. Mwaka 48 KK Pompeius alishindwa Pharsalus, akakimbilia Misri, akauawa huko. Kinachotuhusu zaidi ni kwamba Brutus na Cassius, vinara wa njama ya baadaye, walipigana upande wa Pompeius. Caesar aliwasamehe wote wawili, akawapa vyeo, na mwaka 44 KK walikuwa miongoni mwa mahakimu wakuu wa Roma.

Msamaha huo ulikuwa wa kweli, na ndio uliowachoma. Anayeweza kukusamehe kifo ni yule tu aliye na uwezo wa kukuua, na raia aliyesamehewa na raia mwenzake ajue kwamba hawako sawa tena. Cato, mpinzani mkali wa Caesar, aliliona hilo mapema. Upande wake uliposhindwa mwaka 46 KK alijiua kule Utica badala ya kupokea huruma ya Caesar. Cato alikuwa mjomba wa Brutus, na ndiye baba yake Portia, ambaye Brutus alimwoa mwaka uliofuata. Ukisoma maonyesho ya nyumbani kwa Brutus, kumbuka kwamba marehemu huyo yumo chumbani. Portia anapojichoma paja ili kuthibitisha kwamba anaweza kutunza siri, anazungumza akiwa binti wa mtu aliyekataa kusamehewa.

Katika miaka yake ya mwisho Caesar alitenda mengi ya maana. Aliitengeneza kalenda kwa msaada wa Sosigenes, mtaalamu wa Alexandria, na ili hesabu zikae sawa mwaka 46 KK ukawa na siku 445. Aliwapeleka raia 80,000 kwenye makazi mapya ng'ambo ya bahari. Lakini kufikia Februari mwaka 44 KK alikuwa dikteta wa maisha, sura yake ikiwa kwenye sarafu akiwa hai, na vyeo vya miaka iliyofuata vilikuwa vimekwisha kugawiwa kwa watu aliowataka. Tarehe 18 Machi alitazamiwa kuondoka na jeshi kwenda kupigana na Waparthi, na uvumi ulienea kwamba vitabu vitakatifu vilisema Waparthi wangeweza kushindwa na mfalme tu. Wala njama hawakuwa na muda. Akishatoka mjini, wangemfikiaje akiwa katikati ya jeshi lake?

Wakamuua tarehe 15. Tamthilia inayaweka mauaji Capitol, ila kikao cha siku ile kilikuwa katika ukumbi uliojengwa na Pompeius pembeni mwa jumba lake la maigizo, na Caesar alianguka chini ya sanamu ya Pompeius. Walioshiriki njama walikuwa zaidi ya sitini. Alipatikana na majeraha 23, na tabibu aliyeukagua mwili alisema ni moja tu kati ya hayo, la kifuani, lililokuwa la kuua.

Siku mbili baadaye lilitokea jambo ambalo Shakespeare hakuliweka jukwaani, nami naliona ndilo linalofungua kisa chote. Seneti ilikutana tarehe 17 Machi. Palikuwa na hoja kwamba kama Caesar alikuwa dhalimu, basi amri zake zote zilikuwa batili. Hoja ilionekana safi mpaka walipokumbushwa kwamba vyeo vyao wenyewe vilitokana na amri hizo. Magavana, mahakimu, makonsuli wateule, hata Brutus na Cassius, wote walikaa kwenye viti walivyopewa na mtu waliyemuua. Wakaamua mambo mawili kwa pamoja: wauaji wasishtakiwe, na yote aliyoyaamua Caesar yabaki halali. Walimwondoa mtu, wakabakiza kila alichokifanya. Brutus aliamini kwamba chini ya Caesar jamhuri ilikuwa imelala nzima na ingeamka. Alipomwinua yule aliyeilalia hakukuta kitu.

Sasa twende London. Mwishoni mwa Desemba 1598 kampuni ya waigizaji wa Shakespeare ilibomoa jumba lake la maonyesho kule Shoreditch kwa sababu ya ugomvi wa ardhi, mbao zikavushwa mto Thames, zikajenga jumba jipya lililoitwa Globe. Septemba 1599 msafiri Mswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba alivuka mto akatazama, ndani ya jumba lililoezekwa kwa nyasi, tamthilia kuhusu Julius Caesar, na kwamba mwisho waigizaji walicheza ngoma kwa ustadi. Kwa ushahidi wake tunajua kwamba mwaka huo kazi hii ilikuwa imekwisha kufika jukwaani, ingawa haikuchapishwa hadi mwaka 1623, Shakespeare akiwa amefariki miaka saba kabla.

Waliosimama pamoja na Platter uwanjani walikuwa na malkia aliyetimiza miaka 66 mwezi uleule. Elizabeth hakuwa na mtoto, na alikataa kumtaja mrithi. Mbunge Peter Wentworth alipodai jambo hilo liamuliwe, alifungwa katika Mnara wa London na akafia humo. Tangu mwaka 1570 Papa alikuwa ametangaza kwamba raia wa Elizabeth hawakulazimika kumtii, kwa hiyo suala la kama ni haki kumuua mtawala lilikuwa na wapelelezi wake na vitanzi vyake. Juni 1599 maaskofu walitoa amri kwamba historia yoyote ya Uingereza isichapishwe bila idhini ya Baraza la Malkia. Tamthilia nazo zilipitiwa na afisa maalumu kabla ya kuchezwa. Mwandishi aliyetaka kuuliza nini hutokea nchi isipojua nani anafuata alihitaji mahali pa mbali pa kuliwekea swali lake. Roma ilikuwa mbali vya kutosha, na kila aliyepitia shule ya Kilatini aliifahamu.

Hofu yenyewe haikuwa ya kufikirika. Mwezi uleule wa Septemba Essex, jemadari kipenzi cha Malkia, aliviacha vita vya Ireland bila ruhusa akarudi, akaingia ghafla hadi chumbani kwa Malkia. Februari 1601 alijaribu kuuamsha umma wa London dhidi ya serikali. Alipita mitaani akiita watu, na watu wakabaki milangoni mwao. Akakatwa kichwa. Siku moja kabla ya jaribio hilo wafuasi wake waliwalipa waigizaji wa Globe wacheze tamthilia ya Shakespeare inayoonyesha mfalme Richard II akivuliwa taji. Ni wazi kwamba watu wale waliyachukulia maigizo kwa uzito zaidi kuliko sisi tunaoyasoma ili kufaulu mtihani.

Malighafi ya Shakespeare ilitoka kwa Plutarch, Mgiriki wa Chaeronea aliyeandika maisha ya watu mashuhuri zaidi ya karne moja baada ya Caesar. Jacques Amyot alimtafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559, na Thomas North akaitoa kazi ya Amyot kwa Kiingereza mwaka 1579. Humo mlikuwa na ndoto ya Calpurnia, mke wa Caesar, barua ya onyo ya Artemidorus isiyosomwa, jeraha la Portia na mzuka wa usiku. Shakespeare alibana muda bila huruma. Sherehe za ushindi za Oktoba mwaka 45 KK na sikukuu ya Lupercalia ya Februari iliyofuata, ambapo Antonius, mfuasi wa Caesar, alitaka kumvika taji mbele ya umma, zinakuwa siku moja. Mauaji na mazishi yanakuwa siku moja. Mapigano mawili ya Philippi ya Oktoba mwaka 42 KK, yaliyopishana kwa wiki tatu hivi, nayo yanakuwa siku moja. Majeraha 23 yamekuwa 33. Caesar amepewa uziwi wa sikio la kushoto, ambao Plutarch hana, na saa inalia usiku katika mji usiokuwa na saa za kulia.

Mabadiliko hayo siyalalamikii. Yanawanyima wahusika nafasi ya kufikiri, na hiyo ndiyo hali halisi ya mtu aliyeanzisha jambo bila kupanga kesho yake. Lakini kuna jambo moja kuhusu Brutus ambalo msomaji wa leo anapaswa kulijua. Barua za seneta Cicero zinaeleza kwamba Brutus, kwa kutumia mawakala, aliukopesha mji wa Salamis kule Kupro fedha kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Wakala wake alipewa askari wa farasi, akalizingira baraza la mji mpaka madiwani watano wakafa kwa njaa. Plutarch hakuligusa jambo hilo, na Shakespeare alimfuata Plutarch. Hata hivyo, kipaji chake kilinusa kitu. Katika ugomvi wa hemani Brutus anamkaripia Cassius kwa kupokea rushwa, na kwa pumzi hiyohiyo anamlaumu kwa kutompelekea dhahabu ya kulipa askari, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kukusanya fedha kwa njia chafu. Anataka usafi na anataka dhahabu, na dhahabu ichimbwe na mwingine.

Hotuba mbili za mazishini ndizo moyo wa tamthilia. Plutarch alizigusa kwa mistari michache tu, kwa hiyo tunachokisikia ni kazi ya Shakespeare mwenyewe. Vijana wa shule za Kiingereza za zama zake walifundishwa kutetea upande mmoja wa hoja na kisha upande wa pili, na hapa mafunzo hayo yamezaa moto. Brutus anasema kwa nathari, kwa sentensi zilizopimwa, akiutaka umma ufikiri. Antonius anakuja na ushairi. Anamsifu Brutus tena na tena mpaka sifa inageuka tusi. Anaulaza wosia mkononi na kukataa kuusoma mpaka umma wenyewe umlazimishe. Kisha analishika vazi lenye matundu na kumtaja mwenye jambia kwa kila tundu. Mtazamaji makini atakumbuka kwamba Antonius alikuwa amevutwa nje na Trebonius kabla ya mauaji. Hakuliona tundu lolote likitobolewa. Anadai pia kukumbuka jioni ambayo Caesar alilivaa vazi hilo mara ya kwanza, siku aliyowashinda Wanervii. Vita hivyo vilikuwa mwaka 57 KK, na Antonius alijiunga na Caesar kule Gaul miaka kama mitatu baadaye. Machozi yake ni ya kweli, na ushahidi wake si wa kweli. Ninyi mnaofundisha kusoma hotuba za siasa, sidhani mna matini bora kuliko hii.

Hapa nina ugomvi na Shakespeare, nami nitausema waziwazi. Umma wake ni kama jani, unapeperushwa na aliyesema mwisho. Umma wa Roma ya kweli ulikuwa na hesabu zake. Ulikuwa na madeni, na uliishi kwa nafaka ya dola. Caesar mwenyewe alipunguza waliopewa nafaka hiyo bure kutoka 320,000 hadi 150,000, na bado watu walimlilia. Wosia wake ulimpa kila raia fedha taslimu na kuwaachia bustani zake ng'ambo ya Tiber. Brutus aliwapa uhuru, yaani uhuru wa maseneta kugombea vyeo. Sioni ujinga katika uchaguzi wao.

Tamthilia hii imeshikwa na mikono ya kila namna. Novemba 1864 ndugu watatu wa ukoo wa Booth, ambao baba yao aliitwa Junius Brutus Booth, waliicheza pamoja New York, na John Wilkes alikuwa Antonius. Aprili 1865 John Wilkes alimuua Rais Lincoln, na akiwa mafichoni akaandika kwamba anawindwa kwa tendo lililompa Brutus heshima. Katika kisiwa cha Robben, wafungwa walipitishiana kitabu cha kazi za Shakespeare, kila mmoja akitia saini penye maneno aliyoyachagua. Desemba 1977 Nelson Mandela aliweka yake katika tamthilia hii, pale Caesar anapomwambia mkewe jinsi jasiri anavyokiona kifo.

Kwa wale wenu wanaoandaa maonyesho, nina ombi. Muda ukiwabana, msikate onyesho la Cinna mshairi wala lile linalolifuata. Kwa miaka mingi kampuni za maigizo zililiacha la Cinna, na Orson Welles alipolirudisha kwa nguvu New York mwaka 1937, likawa ndilo lililotikisa ukumbi. Cinna anakutana na umma uliotoka mazishini. Anaulizwa jina, analitaja, na kwa kuwa mmoja wa wauaji ana jina hilohilo, anararuliwa. Anapiga kelele kwamba yeye ni mshairi tu. Wanajibu kwamba basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Plutarch anaeleza kwamba Cinna wa kweli alikuwa rafiki wa Caesar.

Mara baada ya hapo tunaingia chumbani, ambamo Antonius, Octavius na Lepidus, watawala wapya wa Roma, wameketi mezani na orodha kama ile ya Sulla. Lepidus anakubali ndugu yake auawe, na Antonius anamtoa mpwa wake, anamtia alama kwa kalamu. Kisha Antonius anamtuma Lepidus nyumbani kwa Caesar akalete ule wosia, ule aliouinua mbele ya umma huku akilia, ili waangalie ni mafungu gani ya fedha yanayoweza kupunguzwa.